Kuanza saikolojia katika chuo cha jamii Marekani, kisha kuhamia chuo kikuu: je, njia hii inafika?

Binti wa Barani, Malindi

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Nilimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita nikapata C, bila ile alama ya jumlisha ambayo vyuo vikuu vyetu huitaka ili mtu aingie shahada moja kwa moja. Tangu wakati huo asubuhi humsaidia mama dukani, na alasiri hujitolea katika kituo kimoja cha hapa mjini kinachowahudumia vijana wanaojaribu kuacha unga, yaani heroini. Kazi yangu huko ni ndogo: naandika mahudhurio, napanga viti, namimina chai. Kulikuwa na kijana aliyekuja wiki tatu mfululizo akikaa kiti cha mlangoni bila kutoa neno. Siku moja nilipompelekea kikombe aliniuliza kama mimi si mtoto wa yule mama mwenye duka alikokuwa akitumwa sukari alipokuwa mdogo, na nilipoitikia, alizungumza mpaka chai ikapoa na magharibi ikaadhiniwa. Sikuwa na la kumjibu. Nilisikiliza tu, na mpaka leo najiuliza kama nilimsaidia au nilimwacha aondoke na mzigo uleule aliokuja nao. Hilo ndilo linalonifanya nitake kusoma saikolojia.

Sasa mama mdogo, ambaye anaishi Sacramento katika jimbo la California, amenishauri niombe nafasi katika chuo cha jamii kilicho karibu naye, nisome miaka miwili, kisha nihamie chuo kikuu kumalizia miwili iliyobaki. Anasema vyuo hivyo havimfungii mtu mlango kwa sababu ya alama za shule ya upili, na kwamba ada ni dola 46 tu kwa krediti moja, yaani kile kipimo wanachohesabia masomo. Baba hakukataa, ila ameniuliza maswali ambayo nimeshindwa kuyajibu. Je, chuo kikuu huyahesabu kweli masomo ya chuo cha jamii, au mtu hujikuta ameanza upya? Nikimaliza miaka hiyo minne nitakuwa mwanasaikolojia, au nitakuwa nimefika nusu ya njia? Na shahada hiyo nikirudi nayo Malindi itatambuliwa? Baba yuko tayari kuuza kipande cha shamba alichorithi, nami sitaki akiuze kabla sijajua ninakokwenda. Naomba majibu kutoka kwa waliopita njia hiyo au wanaoijua kwa karibu.

Mwana wa Amu, Lamu

Wa alaykumu salaam, dada. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, na njia unayoiuliza nimeipita mwenyewe: miaka miwili na nusu katika chuo cha jamii kusini mwa California, kisha miaka miwili katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hilohilo, nikatoka na shahada ya saikolojia. Ile nusu mwaka ya ziada ndiyo nitakayokueleza kwa kirefu, kwa sababu ilinigharimu na ingeweza kuepukika.

Nianze na zile dola 46, maana ndizo zinazogusa shamba la baba. Kiasi hicho ni sahihi, lakini ni ada ya mkaazi wa California. Mwanafunzi anayeingia kwa viza ya masomo ya F-1 hulipa hizo 46 na juu yake karo ya wasio wakaazi, ambayo ni mamia ya dola kwa kila krediti, na kuishi nyumbani kwa mama mdogo hakubadilishi hesabu hiyo. Viza yenyewe inataka uchukue angalau krediti 12 kila muhula, na kazi unayoruhusiwa kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba utajilipia karo kwa vibarua. Mikopo na misaada ya serikali ya Marekani haimfikii mwanafunzi wa viza. Kabla chuo hakijakupa fomu ya I-20, ambayo ndiyo utakayokwenda nayo ubalozini, kitataka uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza mzima, karo na maisha pamoja. Msaada mkubwa wa mama mdogo utakuwa chumba na sahani ya chakula, na usiudharau, kwa sababu vyuo vingi vya jamii havina mabweni na kodi ya nyumba California ni mzigo mzito.

Sasa nije kwenye swali la masomo kuhesabiwa. Vyuo hivi si jambo la juzi. Kile kilichotangulia miongoni mwa vya umma kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, na tangu mwanzo nia ilikuwa kijana asome miaka miwili ya mwanzo karibu na kwao kabla ya kwenda chuo kikuu. Shahada ya miaka minne ni krediti 120, na 60 za kwanza zinaweza kusomwa chuo cha jamii. Lakini neno hilo "kuhesabiwa" lina maana mbili, na hapo ndipo nilipojikwaa. Somo linaweza kupokewa na chuo kikuu likaongeza idadi ya krediti zako, na wakati huohuo lisijaze sharti hata moja la shahada unayoitaka. Mshauri wa masomo niliyepangiwa aliniambia nichukue chochote kinachonivutia katika saikolojia, nami kwa furaha ya ugeni nikachukua saikolojia ya uhusiano wa watu, saikolojia ya kazi, na somo la kukabiliana na msongo wa mawazo. Yote matatu yalipokewa, ila hakuna lililosimama mahali pa somo la lazima. Ikanibidi nibaki muhula mzima kusoma mbinu za utafiti, ambalo halichukuliwi mpaka mtu awe amepita takwimu. Ningekuwa nimeanza na takwimu mwaka wa kwanza, nisingelipa muhula ule.

Tangu mwaka 2010 California ina sheria iliyoanzisha shahada maalumu ya miaka miwili kwa ajili ya wanaohama. Kwa upande wa saikolojia kiini chake ni utangulizi wa saikolojia, takwimu na mbinu za utafiti, na huongezwa somo la bayolojia au la saikolojia ya mwili na ubongo. Anayeimaliza kwa masharti yake amehakikishiwa nafasi katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, na akifika huko hubakiwa na krediti 60 tu iwapo ameendelea na fani ileile. Elewa vizuri kwamba dhamana hiyo inatolewa na mfumo mzima, kwa hiyo haikuhakikishii kampasi unayoipenda. Saikolojia ina waombaji wengi mno, na zipo kampasi ambazo nafasi hazitoshi. Kuna mfumo wa pili unaoitwa Chuo Kikuu cha California, wenye Berkeley na Los Angeles, ambao watu wengi huuchanganya na ule wa kwanza kwa sababu ya jina. Huo una utaratibu wake: kampasi zake sita, ikiwemo Davis iliyo jirani na Sacramento, humpa mwanafunzi wa chuo cha jamii ahadi ya mapema akitimiza wastani wa alama na masomo yaliyotajwa kwa fani yake. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo katika ahadi hiyo.

Ipo tovuti rasmi inayoitwa ASSIST. Unachagua chuo unachotoka, chuo kikuu unachokwenda na fani, nayo inakuonyesha, somo kwa somo, lipi linakubaliwa badala ya lipi. Ni bure, na inafunguka hata ukiwa Malindi. Ningeijua kabla ya kupanda ndege, ningekaa na baba yangu tukaipitia mstari kwa mstari, naye angeona fedha zake zinanunua nini.

Usishangae kwamba mwaka wa kwanza si wa saikolojia tupu. Utatakiwa kupita uandishi wa Kiingereza, kufikiri kwa uchambuzi, hisabati au takwimu, na kuzungumza mbele ya watu. Hili la mwisho ndilo nililoliogopa kuliko yote. Siku ya zamu yangu nilieleza jinsi mafundi wa Matondoni wanavyokalafati jahazi, wanavyopenyeza pamba yenye mafuta kati ya mbao na mbao mpaka maji yakose njia, na kwa kuwa sikuwa na ubao wala nyundo, nilibana vitabu viwili kwa mkono mmoja na kusukuma pamba kati yake kwa mpini wa kijiko. Darasa lilinyamaza likanisikiliza. Nakuambia haya ili ujue kwamba ulichobeba kutoka kwenu kinakubalika darasani kule, na usikione haya.

Jambo la mwisho ni muda. Maombi ya kuhamia hupelekwa karibu mwaka mzima kabla ya kuhama, yaani mwanzoni mwa mwaka wa pili unatakiwa uwe umeshajua unakwenda wapi. Na usiondoke chuo cha kwanza kabla rekodi yako ya viza haijahamishiwa chuo kipya. Mwenzangu mmoja aliisahau hatua hiyo, na likizo yake yote iliishia kwenye barua na foleni.

Muuguzi wa Malindi

Mwanangu, nimekusoma kwa makini, na kabla ya yote nakuomba jambo moja. Hukumtaja yule kijana kwa jina, na hilo ni jema, lakini mji wetu ni mdogo. Kiti cha mlangoni, duka la mama yako na sukari vinatosha mtu wa mtaani kwenu kumtambua, naye alikueleza wewe peke yako. Mwombe msimamizi wa jukwaa hili aiondoe sehemu ile. Sikulaumu, kwa sababu hakuna aliyekufundisha bado, ila hilo ni katika mambo ya kwanza utakayofundishwa popote utakaposoma, na ni afadhali ulijue leo.

Umejiuliza kama ulimsaidia. Nimefanya kazi na vijana hawa kwa miaka, na kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa badala ya unga, imekuwapo hapa Malindi tangu 2015, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Dozi hunywewa kila siku mbele ya mtoaji dawa. Kijana hufika asubuhi, huthibitishwa, hupewa kikombe, humeza, huulizwa neno ili ijulikane kwamba amemeza kweli, kisha huondoka. Dawa humwondolea arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, akalala usiku na kula mchana. Ila haimwambii afanye nini jioni wenzake wanapopita kumwita, wala haimrudishi kwenye meza ya baba aliyemfukuza. Hapo ndipo anapohitajika mtu aliyesomea kusikiliza, na watu hao kwetu ni wachache sana kwa kazi iliyopo. Ulipomsikiliza bila kumkatiza na bila kumhubiria ulifanya sehemu ya mwanzo ya kazi hiyo. Sehemu inayofuata, ya kujua wakati gani umuulize swali, wakati gani umpeleke kwa daktari kwa sababu maneno yake yana dalili ya kutaka kujidhuru, hiyo ndiyo inayosomewa, na usiijaribu peke yako kwa sasa.

Kuhusu swali la baba yako la nusu ya njia, jibu langu ni ndiyo, ni nusu. Marekani shahada ya kwanza ya saikolojia haimpi mtu leseni ya kutibu. Mshauri nasaha mwenye leseni huko kwa kawaida amesoma mpaka uzamili, na anayejiita mwanasaikolojia kwa kawaida amefika uzamivu na kufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda mrefu. Afadhali baba alisikie sasa kuliko mwaka wa nne. Lakini nusu hiyo ina kazi zake: wenye shahada ya kwanza hufanya kazi katika vituo kama hicho chako, mashuleni, na katika miradi ya afya ya jamii, chini ya wenye leseni.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Nimekuwa mwalimu wa ushauri katika shule za upili za huku pwani kwa muda mrefu, nami naingia kwa sababu binti ameuliza juu ya kurudi, na swali hilo halijajibiwa.

Nchini kwetu kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka anayetoa huduma hizo asajiliwe. Kwa shahada za nje, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayohusika na kuzitambua na kuzilinganisha na zetu. Kwa hiyo, binti yangu, andika barua mbili kabla baba hajauza hata mnazi mmoja: moja kwa Tume, ukitaja alama yako ya C, chuo cha jamii unachokikusudia na chuo kikuu unachotarajia kuhamia; nyingine kwa bodi inayosajili wanasaikolojia, ukiuliza ni masomo gani na saa ngapi za mafunzo ya vitendo wanazitaka. Majibu yao uyaweke kwa maandishi. Nimeona wanafunzi wangu wakirudi na vyeti vizuri kisha wakakaa muda mrefu wakitafuta muhtasari wa kozi walizosoma, na vyuo walivyosoma viko mbali. Ukienda, hifadhi muhtasari wa kila somo tangu muhula wa kwanza, wenye vitabu, saa na mada, kwa sababu huko utauhitaji unapohama, na huku utauhitaji unaporudi.

Pia sipendi tuzungumze kana kwamba ngazi ya namna hii iko Marekani tu. Kwa C yako unastahili stashahada hapa nyumbani, ambayo mlango wake huanzia C-, na mwenye stashahada nzuri hukubaliwa na vyuo vikuu vyetu kuingia shahada. Baadhi ya vyuo humpunguzia masomo aliyokwisha kuyapita, na kila chuo kina kanuni zake. Mtego ni uleule aliouelezea kijana wa Lamu: stashahada ya ushauri nasaha haifanani na shahada ya saikolojia, na iwapo stashahada hiyo haikuwa na takwimu wala utafiti, utayasoma hayo upya. Saikolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Daystar na USIU-Africa. Hicho cha mwisho kina ithibati ya Kenya na pia ithibati ya chombo kilekile kinachothibitisha vyuo vikuu vya California, na masomo yake huhesabiwa kwa krediti, jambo linalofaa kulipima ikiwa unataka mlango wa Marekani ubaki wazi baadaye kwa ajili ya uzamili. Karo yake ni kubwa, lakini iweke kwenye karatasi moja na karo ya mgeni California, tiketi, bima ya afya na viza, kisha mwonyeshe baba karatasi hiyo.

Maoni yangu mwenyewe, na sitayaficha, ni kwamba shamba lisiuzwe kwa ajili ya miaka miwili ya kwanza. Kama litauzwa, liuzwe kwa ajili ya ile sehemu ya masomo isiyopatikana hapa.

Binti wa Barani, Malindi

Shukrani nyingi kwenu, na wewe mama muuguzi nakuomba radhi. Nimeshamwandikia msimamizi aifute sehemu ile, na kesho inshallah nitamweleza yule kijana mwenyewe nilichofanya na kumwomba msamaha.

Jana usiku tulikaa na baba barazani, tukafungua ASSIST kwenye simu, tukaandika kwenye daftari masomo ya miaka miwili kwa chuo alichokitaja mama mdogo. Baba hakujua kwamba dola 46 ni za wakaazi, wala mama mdogo hakujua, kwa sababu yeye alisoma huko akiwa tayari na makazi ya kudumu. Barua mbili za mwalimu nimeanza kuziandika, na kwa sasa shamba limewekwa pembeni. Kaka wa Lamu, nina swali moja lililobaki, nalo ndilo linaloninyima usingizi: hisabati nilipata D. Kama takwimu ndiyo mlango wa masomo mengine yote, iwe huko au hapa, mimi nitapitaje?

Mwana wa Amu, Lamu

Dada, mimi nilipata D+, na takwimu niliipita kwa B. Hisabati ya shule ilinishinda kwa sababu sikuona inahusu nini. Takwimu za saikolojia zinahusu watu, na nyingi kati ya hesabu zake ni kujumlisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili kwa kikokotoo. Kazi ngumu ni kueleza kwa maneno jibu lina maana gani, na wewe unajua kueleza.

Anza wiki hii. Daftari la mahudhurio la kituo liko mikononi mwako. Muombe msimamizi wa kituo ruhusa, kisha nakili idadi tu, bila jina wala alama ya mtu yeyote: wangapi walikuja kila siku kwa wiki nane zilizopita. Tafuta wastani wa kila wiki. Kisha angalia kila siku imeachana na wastani huo kwa kiasi gani, na ujiulize mbona Jumatatu ni pungufu au Ijumaa imezidi, na kama tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu. Ukikwama, niandikie hapa nami nitakuonyesha hatua inayofuata. Sura tatu za mwanzo za kitabu changu cha takwimu zilikuwa ni hayohayo.